Kopo Nililolifunga kwenye Pikapu ya Mjomba Wako

Shauri Moyo, Jumapili alasiri

Mwanangu Mwende,

Jumapili mbili zilizopita nilikupokonya spana mkononi, tena kwa nguvu, mbele ya Mzee Njoroge mgonga bati na wateja wake. Ulikuwa umesema neno dogo tu. Ulikuwa umeinama ndani ya boneti, mikono imejaa oili, ukasema, "Fathe, si tutoe tu hii bakuli ya hewa? Ni nzito bure. Maboyi wa mtaa wa Tena wanaacha mdomo wazi, gari inavuma mpaka watu wanageuka." Nikakupokonya spana. Ukaniuliza umekosa nini, nikaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imechafuka. Leo nakujibu.

Mama yako ameshakuambia habari za maji ya kuchemsha, za chandarua, na za wanaume watakaotaka kukubebea vitabu. Hapo sina la kuongeza. Mimi shule niliiacha darasa la nne, na mgongo unaniuma kwa mabati ya kiwandani Baba Dogo, kwa hiyo nitaandika nikipumzika. Nyinyi mko kanisani mnaagana na kwaya. Chumba kimenyamaza, na sanduku lako liko hapa mlangoni limefungwa kamba, linanitazama.

Unakumbuka siku barua ya shule ilipokuja? Uliisoma kwa sauti, umesimama juu ya kitanda kama unahutubia. Umepata kazi ya kufundisha kule karibu na Wamunyu, ingawa hujasomea ualimu, na mwenyekiti wa kamati ya shule, Bwana Kioko, atakukaribisha kwake. Mkewe amekutengea chumba. Ukasema, "Baba, anaonekana mtu mzuri huyu." Nikasema, "Ni mtu mzuri." Ukauliza kama namjua. Nikasema nilimjua zamani kidogo, nikachukua kofia nikatoka.

Kioko alikuwa dereva wa pikapu hii hii ya mjomba wako Mutua ambayo tumeitengeneza mwaka mzima. Alifukuzwa kazi kwa kosa langu. Kesho unakwenda kulala nyumbani kwake na kula chakula chake, na wewe unaitwa Mwende Nzioka. Hawezi kukosa kujua wewe ni mtoto wa nani. Kwa nini amekubali kukupokea, sijui. Lakini sitaki uisikie habari hii mezani kwake, kijiko kikiwa mkononi.

Ulikuwa na miaka sita. Mjomba wako alikuwa ameuza ng'ombe akanunua pikapu, kuukuu hata wakati huo, ya kubeba vinyago vya wachongaji wa Wamunyu kuleta mjini. Twiga wa mti, vifaru, vikombe vya mpingo, vyote vimefungwa kwa majani makavu. Ilikuwa pikapu ya kwanza ya ukoo wetu, na kila ilipofika hapa Shauri Moyo watoto mlikuwa mnaipanda kama panzi. Kioko ndiye aliyekuwa akikuinua wewe. Alikuwa kijana mwembamba, ameoa mwaka ule, na alikuwa na kitambaa cha kupangusia kioo ambacho hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukigusa.

Shida ya gari ilikuwa mlima. Likiwa na mzigo lilikuwa linapanda likikohoa, na mjomba wako akaja kwangu. "Shemeji, wewe ndiye fundi wetu. Lipe nguvu."

Mwende, mimi sikuwa fundi. Nilikuwa kibarua wa kubeba vyuma katika gereji moja, na kwa kubeba nikawa najua majina yake. Lakini nyumbani walikuwa wameshanipa jina la fundi, na mtu akiitwa fundi na shemeji yake, mbele ya mke wake, anyanyue kichwa aseme nini? Nikasema, "Liache hapa siku mbili."

Wakati ule gari lilikuwa na bakuli kama lile uliloliona, lenye oili chini. Hewa inaingia, inagonga ile oili, vumbi linanasa, hewa safi ndiyo inakwenda kwenye injini. Hivyo najua leo. Siku zile niliona bakuli zito lililojaa matope meusi, nikasema hili ndilo linaloliziba gari pumzi. Nikalitoa. Nikachukua kopo kubwa la mafuta ya kupikia, nikalitoboa matundu kwa msumari, matundu mengi sana, nikaweka wavu wa chandarua ndani, nikalifunga pale kwa waya. Niliwasha gari likavuma. Mwanangu, lilivuma! Wauza mitumba waliacha nguo zao wakaja. Mmoja akasema, "Fundi, hii sasa ukienda nayo polepole itakushtaki." Watu wakacheka, nami nikakanyaga mafuta tena ili wacheke tena.

Mzee Njoroge alikuwa anagonga bati pale pale anapogonga hadi leo, isipokuwa siku zile alikuwa na nywele. Akaja akatazama kopo langu, akainamisha kichwa.

"Nzioka, hili gari umelinyoa nywele za pua."

"Nywele gani, mzee?"

"Mungu hakuwa mjinga kukuwekea nywele puani. Hiyo barabara ya kwenu ni ya vumbi. Unataka vumbi liingie wapi?"

Nikamjibu mbele ya watu, "Wewe ni mzee wa kugonga bati, endelea kugonga bati. Mambo ya hewa tuachie sisi."

Wakacheka tena. Hakukasirika. Alirudi kwenye nyundo yake, na hicho kicheko ndicho kilichonigharimu kuliko kitu chochote nilichowahi kununua.

Gari lilipanda mlima. Mjomba wako akaniletea jogoo. Kila Jumapili kwa miezi miwili nilikuwa mtu mkubwa. Halafu siku moja Kioko akashusha vinyago, akanivuta kando, kwa heshima, bila mtu kusikia. "Fundi, nikiingiza kidole ndani ya kopo kinatoka chekundu. Na oili inapungua. Kila asubuhi naongeza." Akanionyesha kidole. Kilikuwa chekundu kweli, vumbi laini kama unga wa mwanamke anayejipodoa.

Hapo ndipo ningeweza kusema, "Kioko, ngoja nirudishe bakuli." Bakuli lilikuwepo, chini ya kitanda chetu, mama yako alikuwa analilalamikia kila siku. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Lakini ningelirudisha wauza mitumba wakitazama, na Mzee Njoroge akiwa pale na nyundo yake. Nikamwambia, "Kidole kikiwa chekundu ujue kopo linafanya kazi. Vumbi linashikwa pale." Akaniamini. Aliniambia asante.

Mwezi wa nne tangu nilifunge kopo, gari lilikufa. Lilifika hapa likivutwa na lori, baada ya kutoa moshi wa buluu tangu Masii mpaka likazimika njiani. Tulifungua injini siku ya Jumamosi, mjomba wako amesimama upande huu, Kioko upande ule. Ndani kulikuwa na uji. Vumbi jekundu na oili vimekuwa uji mzito kwenye njia yote ya hewa, na kuta za silinda zimekwaruzwa kama mtu alisugua sufuria kwa mchanga. Nilijua mara moja. Sikuhitaji darasa la tano kujua.

Mjomba wako akaniuliza, "Shemeji, limekufa kwa nini?"

Nilivuta kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kikavu, kwa sababu injini iliyokwaruzwa hivyo hunywa oili, uiongeze usiiongeze. Nikakiinua kila mtu akione. Nikasema, "Dereva hakuangalia oili."

Kioko hakupiga kelele. Alinitazama, akatazama kopo lililokuwa chini karibu na mguu wangu, akanitazama tena. Akasema, "Fundi, oili niliongeza kila asubuhi. Wewe unajua."

Nikasema, "Kijiti hakidanganyi."

Ni maneno mawili tu, na bado nayasikia kwa sauti yangu mwenyewe. Mjomba wako alichukua ufunguo kutoka mkononi mwa Kioko pale pale. Kioko alichukua kile kitambaa chake kwenye dashibodi, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni, akaondoka kwa miguu kuelekea stendi.

Kule kwetu habari huenda haraka kuliko gari. Dereva aliyeua injini ya Mutua hakupata mwingine wa kumpa usukani. Niliambiwa alichoma makaa, kisha akaingia mtoni kuchota mchanga na kuwapakilia wenye malori, yeye aliyekuwa hataki vumbi likae kwenye kioo. Baadaye walimchagua kwenye kamati ya shule kwa sababu, walisema, ni mtu asiyekula cha watu.

Wewe na kaka zako mmekuwa mkiniuliza kwa nini kila Krismasi mama yenu anawapeleka ushago, kwetu kijijini, na mimi nabaki na zamu ya kiwandani. Mlidhani sipendi nyumbani. Ulipokuwa na miaka kumi uliniambia, "Baba, wewe ni mtu wa Nairobi." Hapana. Njia ya kwetu inapita mbele ya boma la Kioko, lile mnalolipita kila Krismasi bila kujua ni la nani. Hakuna njia nyingine. Nimekaa miaka kumi na mitatu bila kuketi na ndugu zangu, mama yangu alizikwa nikafika usiku nikaondoka kabla ya jua, kwa ajili ya kopo la mafuta. Na wewe ukakua unajua Kikamba cha kusalimia tu. Hilo nalo nimekunyima mimi.

Sasa utajua kwa nini mwaka jana nilimwomba mjomba wako aniletee lile gari. Lilikuwa limeketi kwake na kuku wanataga chini ya usukani. Alidhani ni wema. Aliwaambia watu, "Shemeji yangu ana moyo," na kila alipolisema nilitamani ardhi inimeze. Bloku ya injini tukaipeleka kuchongwa, tukaweka pistoni kubwa zaidi, na Jumapili baada ya Jumapili wewe ukawa unakata gasketi kwa mkasi wa mama yako. Ulikuwa unashangaa kwamba breki nilimaliza kwa siku moja, lakini njia ya hewa nimeihangaikia wiki sita. Bakuli kubwa zaidi, lenye oili mpya. Bomba lililopinda kutoka boneti mpaka juu ya paa, livute hewa pale vumbi halifiki. Mzee Njoroge akalitengenezea kofia ya bati ya kuzuia mvua, akasema, "Sasa limeota nywele."

Na kile kipimo cha kiganja. Unakumbuka jinsi ulivyopanda juu ya paa ukaziba mdomo wa bomba kwa kiganja, gari likiwa limewashwa? Nilikuambia likizimika ni zuri, maana halina pengine pa kupumulia. Halikuzimika. Liliendelea kutetemeka vizuri tu, na wewe ukafurahi, ukasema, "Si iko sawa!" Nikakuambia hapana, lina tundu limeficha. Ulilitafuta kwa sikio mpaka ukalisikia likifyonza nyuma ya mpira, pale klipu ilipokuwa imelegea, mahali ambapo mtu hawezi kuona. Mara ya pili uliziba, likazimika puu, ukapiga kelele ya furaha watu wote wa Gikomba wakasikia. Mimi niligeuka nikajifanya natafuta spana.

Nilikuwa nimejidanganya kwamba gari likipona nami nitakuwa nimemaliza. Likapona. Mimi nilikuwa pale pale nilipokuwa.

Mjomba wako nilimwambia Alhamisi. Alikuwa amekuja kulijaribu, tumeketi kwenye ngazi ya nyuma ya gari, anakunywa chai. Nikamwambia yote, kopo, kidole chekundu, kijiti. Chai yake ikapoa, utando ukatanda juu.

Akasema, "Miaka kumi na mitatu, Nzioka. Mimi huyu nampita Kioko sokoni simsalimu. Mke wake alifiwa na mtoto, sikwenda."

Nikasema, "Najua."

"Hujui." Akamwaga chai. "Na yule jogoo niliyekupa?"

Nilidhani anatania, nikataka kucheka. Hakuwa anatania. Kisha akasimama, akalizungukazunguka gari, akagonga lile bomba kwa kidole. "Kwangu umesema. Kwa Kioko utasema wewe mwenyewe. Mimi nitaendesha tu." Tangu hapo hajaniita shemeji. Ananiita Nzioka.

Nikiandika hivi najua ninaloweza kukuharibia. Kazi hii umeitafuta mwaka na nusu. Ulikaa kwenye foleni za maofisi mpaka viatu vikaisha visigino. Kioko ndiye mwenyekiti, chumba ni chake, na neno lake moja linaweza kukurudisha hapa. Inawezekana ameshausahau uso wangu, na mimi nikijitokeza nitafukua kilichozikwa. Inawezekana pia amekukubali ili akuonyeshe, taratibu, mtoto wa Nzioka ni mtoto wa nani. Au ni mtu mzuri tu, kama ulivyosema. Nimefikiri mpaka kichwa kikachoka, na kila nilipofikia uamuzi niliona naamua kwa ajili yangu, kama siku ile ya kijiti.

Kwa hiyo safari hii utaamua wewe.

Kesho nitakupa barua hii ukishaketi mbele na mjomba wako. Mimi nimeomba ruhusa kiwandani, nitapanda nyuma, pamoja na sanduku na godoro. Utaniona kwenye kile kidirisha kilicho nyuma ya kichwa chako. Soma polepole, lami ni ndefu. Mjomba wako atasimama Machakos tunywe chai, na baada ya hapo vumbi linaanza.

Ukitaka nifike na wewe mpaka kwa Kioko, gonga kile kioo kabla hatujaondoka Machakos. Mara moja inatosha, nitasikia. Nitashuka kwenye boma lake kabla yako, nitamwambia mbele ya mkewe, na mbele ya yeyote atakayekuwepo, kwamba aliongeza oili kila asubuhi na mimi nilijua. Akinifukuza nitaondoka. Akikufukuza na wewe, tutarudi wote, na hasira yako nitaibeba, sitaiita utovu wa adabu.

Usipogonga, nitashuka Machakos nikushike mkono, nirudi mjini kwa gari lingine. Hutaniona nimekunja uso. Fundisha watoto wako, jenga jina lako hapo, na mimi nitamwandikia Kioko barua yake siku utakayoniambia umesimama imara. Siyo woga kwako kutogonga. Woga ulikuwa wangu, na nimeutumia wote.

Mgongo wangu usiufikirie. Usinihurumie kwa sababu ya kukaa nyuma. Injini itavuta hewa yake safi kule juu kwa lile bomba letu, nawe utafunga dirisha. Vumbi la kutoka Machakos mpaka kwa Kioko, nikilifikia, acha nilile mimi. Lilikuwa langu tangu mwanzo.

Nasikia viatu vyenu kwenye ngazi, na mama yako anacheka. Nakunja karatasi.

Ni mimi baba yako, nitakayekuwa nyuma ya kile kioo,

Nzioka